Praima kwanza, vumbi la Kongwa baadaye

Juzi msomaji wa Nkuhungu kaniandikia: "Kaka, nikibandua selotepu, rangi ya modeli yangu ya kifaru cha vita inatoka nayo. Nimeuziwa rangi feki?"

Hapana, mdogo wangu, rangi haikupata pa kushika. Plastiki hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta ya kuinasua kwenye kalibu. Ioshe kwa sabuni ya vyombo, ikauke kabisa, ndipo upige praima nyepesi, yaani rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, koti mbili, uiache hadi kesho yake. Na usipulize mchana. Kiangazi cha Dodoma kinakausha rangi hewani kabla haijatua, unabaki na uso wa kukwaruza kama msasa. Mimi napuliza alfajiri upepo ukiwa umelala, karibu na modeli, tina (ya kuzimua rangi) ikiwa imezidi kidogo, barakoa usoni.

Modeli ninayojivunia kuliko zote ni Shervick. Wengi hamuijui, na ni yetu! Mpango wa wakoloni wa kulima karanga ulipoanza hapa kwetu Kongwa mwaka 1947, Waingereza walikosa matrekta ya kung'oa vichaka, kampuni ya Vickers ikageuza vifaru vya Sherman vya Vita Kuu ya Pili kuwa matrekta. Mpango ulikufa 1951. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa saruji, na ulitafuna vyuma vyao. Nilianza na modeli ya Sherman ya kipimo cha 1/35 (ndogo mara 35 kuliko halisi), nikaondoa mnara na mzinga, nikaipaka vumbi la huko huko.

Kwenye maonyesho fulani, mwandaaji aliniuliza mbele za watu kwa nini nimeharibu kifaru kizuri kwa uchafu, akakisogeza nyuma ya meza. Iliniuma, na bado inaniuma. Mwezi uliopita mjomba wangu, mzaliwa wa Kongwa, alikigeuza-geuza mkononi akasema, "Huu udongo naujua."

Basi nisikilizeni. Uchafu ni kazi, tena kazi ya akili. Punje ya mchanga ya milimita 1 kwenye 1/35 ni jiwe la sentimita 3.5, kwa hiyo saga udongo, uchuje kwa soksi ya nailoni hadi uwe poda. Jaza kwenye minyororo na nyuma, juu pitisha kidogo tu, kisha dondoshea tina ya rangi za mafuta ili ushike. Msitupe vumbi kila mahali kwa uvivu! Chombo kinachosukuma miti kinang'aa kinaposuguliwa, kwa hiyo futeni vumbi kwenye kingo zinazosuguliwa na mzipitishie penseli laini hadi chuma kionekane.