Si Mapunye, Kaka, ni Soriasisi

Kinyozi alizima mashine, akanirudishia hela yangu. "Kaka, nenda kayatibu kwanza hayo mapunye." Watu wanne kwenye benchi walinigeukia. Tangu siku hiyo nilivaa kofia karibu miaka miwili.

Tena nilimwamini. Nikapaka dawa za fangasi, mirija kwa mirija, bila nafuu. Baadaye duka la dawa likaniuzia krimu yenye klobetasoli, steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi. Wiki moja tu magamba yakapukutika, nikajiona nimepona, nikaacha. Yakarudi na jeshi: viwiko, magoti, mapaja, mgongo. Nikapaka tena, miezi mingi, hadi ngozi ya mapaja ikawa nyembamba na kuchanika mistari ambayo haijafutika mpaka leo.

Daktari wa ngozi, nilipomfikia hatimaye, aliniomba kwanza mikono. Kucha zangu zilikuwa na vishimo vidogo kama zimedungwa sindano. Akaniuliza kama viungo hukakamaa asubuhi, maana ugonjwa huu huweza kushambulia viungo pia. Kisha akautaja: soriasisi.

Alivyonieleza, ngozi ya kawaida hujibadilisha kwa takriban mwezi mmoja. Yangu ilikuwa inafanya kazi hiyo kwa siku chache, kwa sababu kinga ya mwili imechanganyikiwa na kuiharakisha. Chembe za ngozi zinarundikana, ndiyo magamba. Hauambukizi. Nilikuwa nimetafuta picha mtandaoni nikaona mabaka mekundu kwenye ngozi nyeupe, nikasema si mimi. Kwetu mara nyingi huwa zambarau au kijivu, gamba jeupe juu.

Kurithi kunachangia, mama mdogo anayo kwenye viwiko, sisi tulidhani ni ukavu wa kuosha vyombo. Lakini kuna vichocheo: maambukizi ya koo, msongo wa mawazo, sigara, pombe, na baadhi ya dawa, kama klorokwini na zile za presha za kundi la beta bloka. Niliambiwa pia nipime VVU, kwa kuwa virusi hivyo vinaweza kuiamsha au kuizidisha. Nilinuna, lakini nilipima.

Dawa ya kuimaliza kabisa hakuna. Anayekuahidi hivyo, awe na mizizi au na sindano, shika njia yako. Steroidi za kumeza au kuchomwa ndizo ninazoziogopa zaidi: ukizikatisha, ugonjwa unaweza kulipuka, hata kwa vipele vya usaha mwili mzima. Mimi nilianza na mafuta ya asidi ya salisiliki kulainisha magamba, steroidi ya kupaka kwa muda aliopanga daktari, na mafuta ya mgando kila nitokapo kuoga, ngozi ingali na unyevu. Haikutosha, nikaandikiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Hiyo hunywewa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku! Kuikosea kunaweza kuua. Inaambatana na asidi ya foliki na vipimo vya damu na ini, na mjamzito haruhusiwi kabisa. Tiba ya mwanga na sindano za kibayolojia, zinazolenga sehemu maalumu za kinga, zipo pia, ila bei ya hizo sindano niliisikia nikacheka.

Siku hizi nanyolewa kwa mashine yangu mwenyewe, na namwambia kinyozi apitishe taratibu. Simlindi yeye. Ngozi yangu ikikwaruzwa, baka jipya huota palepale kwenye mkwaruzo.