Nyumba ya Paje, miezi mwenyewe hayupo

Umeuliza kama kaka yako aliye nje akinunua nyumba hapa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, anaweza kuwakodisha watalii miezi asiyokuwepo. Anaweza, lakini nyumba ikishapokea wageni wa kulipa ni biashara: inataka leseni ya Kamisheni ya Utalii na kulipa kodi ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar), hata ikiwa vyumba viwili tu. Nasimamia nyumba za watu huku Paje, wakaguzi hupita. Jambo zito zaidi ni uraia. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, basi kaka yako akiwa na pasi ya Uingereza asikubali kuuziwa kiwanja kwa karatasi ya sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) tu. Atafute fleti kwenye mradi ulioidhinishwa na ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar. Na mwezi wa nne na wa tano asiutie hesabuni: masika wageni haba, na chumvi ya bahari inaendelea kula viyoyozi.