Maji meupe, ya kahawia, yanayonuka dawa: lipi la kuogopa?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Naishi mji mdogo wenye mamlaka yake ya maji. Asubuhi maji hutoka meupe kama yametiwa tone la maziwa. Kuna siku yananuka dawa, na juzi baada ya bomba la mtaani kutengenezwa yalitoka ya kahawia. Jirani yangu anasema yasiyonuka dawa ndiyo safi. Mamlaka inasema maji yanapimwa na ni salama. Nimsikilize nani? Na je, niendelee kuchemsha?

JIBU: Nzuri, ndugu. Jirani yako amekosea. Mamlaka huenda inasema kweli, ila kipimo chake ni cha pale walipokinga sampuli, na hapo si jikoni kwako.

Rangi ndiyo iliyokutisha, na ndiyo jambo jepesi. Kinga maji meupe kwenye glasi, yaweke mezani, usiyatikise. Weupe ukianza kuondoka chini ukipanda juu, na kwa dakika moja au mbili glasi ikawa angavu, ile ni hewa iliyobanwa ndani ya bomba. Kunywa. Kikitua kitu chini ya glasi, hilo ni tope au kutu, wapigie simu.

Rangi ya kahawia ni chuma na manganizi (madini mengine yenye rangi nyeusi) vilivyolala ndani ya mabomba, chini. Mkondo ukibadilika ghafla, vinatimka. Fungulia koki iliyo karibu na mita hadi maji yatakate, na nguo nyeupe zisubiri: chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita huacha madoa. Kutu yenyewe hainisumbui. Kinachonisumbua ni kile kilichoweza kuingia bomba likiwa wazi shimoni, kwa hiyo siku ya matengenezo na inayofuata, chemsha.

Sasa harufu ya dawa. Dawa hiyo ni klorini, nayo haiui vijidudu mtamboni tu. Sehemu yake hubaki ndani ya maji na kuyalinda njiani. Shirika la Afya Duniani linataka ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya kukaa na maji dakika 30, na ikifika kwa mteja isishuke chini ya 0.2. Kikomo cha juu ni 5. Baadhi ya watu huanza kulalamikia ladha yake ikiwa kati ya 0.6 na 1, yaani mbali sana na kikomo hicho. Ukiisikia kidogo, mlinzi yuko kazini. Harufu kali ya kuchoma pua, kama ya bwawa la kuogelea, ni suala jingine: mara nyingi klorini imekutana na uchafu wenye amonia, na hiyo inafaa kuripotiwa.

Kuhusu "yanapimwa", hebu tupige hesabu. Kwa mji wa watu 5,000 hadi 100,000, shirika hilo hilo linapendekeza sampuli 12 za vijidudu kwa mwaka kwa kila watu 5,000. Mji wa watu 50,000 unapata sampuli 120, na kila moja hupimwa mililita 100. Jumla lita 12 kwa mwaka mzima, chini ya ndoo moja! Tena chupa ikishafika maabara, sampuli hukaa kwenye joto karibu saa 24 kabla hatujasema kama kuna E. koli, kijidudu kinachoonyesha kuwa kinyesi kimeingia majini, na haitakiwi kuonekana hata moja. Majibu yanatoka maji umeshayanywa. Ndiyo maana mimi nikipewa nafasi ya kuuliza namba moja tu, nauliza klorini iliyobaki, kwa sababu hiyo inasomeka papo hapo.

Mji mdogo wa Walkerton, Kanada, ulilijua hilo kwa uchungu. Mei 2000 mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi cha mji. Wahudumu hawakuwa wakipima klorini kila siku kama walivyotakiwa, waliandika namba za kubuni. Watu zaidi ya 2,300 waliugua, 7 wakafa.

Sijui kama mna mgao. Kama upo, hilo ndilo swali kubwa kuliko yote uliyoniuliza. Bomba lenye msukumo likivuja, maji hutoka nje. Msukumo ukiisha, tundu lile lile hunyonya kilicho udongoni, hata maji ya choo. Dakika za kwanza baada ya maji kurudi, yatumie kudekia.

Halafu panda juu uangalie tangi lako. Nimeshapima nyumba ambayo kwenye mita klorini ilikuwa 0.6 na jikoni sifuri: tangi halikuwa na mfuniko, na chini lilikuwa na tope la kina cha kidole. Mwenye nyumba alikuwa ameshawalalamikia watu wa maji mara tatu. Unaweza kupima mwenyewe kwa kidonge cha DPD namba 1, kinachobadili rangi ya maji yenye klorini: mililita 10 za maji kwenye kichupa, ponda kidonge ndani, linganisha rangi na kadi ya vipimo mara moja. Waridi maana yake klorini ipo. Yakibaki bila rangi, haipo.

Kuchemsha? Ukipata 0.2 au zaidi kwenye koki ya jikoni, maji hayana tope na hayakatiki, mtu mzima mwenye afya hana haja. Kwa mtoto mchanga au mwenye kinga dhaifu, endelea, maana kriptosporidiamu, kijidudu kinacholeta kuharisha, hustahimili klorini lakini haistahimili moto. Yakitokota vizuri yanatosha, usiyaache yakakauka. Yakipoa yafunike, kwa sababu klorini imeshatoka na hayana tena mlinzi. Ila moto hauondoi madini ya risasi, naitreti wala floraidi. Mvuke unapotoka, vyenyewe vinabaki na kukolea. Kama maji yenu ni ya kisima kirefu, omba mamlaka majibu ya floraidi (kikomo miligramu 1.5 kwa lita) na naitreti (kikomo miligramu 50 kwa lita), na waulize sampuli ya mwisho ya mtaa wenu ilichukuliwa koki gani, tarehe gani.