Muulize Fundi: Pampu ya dizeli inasingiziwa

Barua zilizonifikia safari hii karibu zote ni za pikapu za dizeli za zamani, zile zenye pampu ya kuzungushwa na injini, zisizo na kompyuta. Ni magari ambayo mtu mwenye seti ya spana, mita ya umeme na subira anaweza kuyahudumia mwenyewe nyumbani. Shida ni kwamba karibu kila barua ina fundi aliyeshatoa hukumu: "Pampu imekufa." Nimezijibu kwa jinsi zilivyonikera, iliyonikera zaidi ikitangulia.

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Hilux yenye injini ya aina ya 3L. Asubuhi napiga stata mpaka betri inalegea ndipo iwake, tena kwa kukohoa. Ikishawaka, siku nzima nikiizima na kuiwasha inashika mara moja. Fundi wangu anataka kuitoa pampu akaipime, anasema imechoka. Nimruhusu? (Mwenye Hilux nyeupe)

JIBU: Marahaba. Usimruhusu, maana maelezo yako mwenyewe yanaitetea hiyo pampu. Pampu ya aina hii ikilika ndani, ugomvi wake huanza injini ikiwa ya moto. Dizeli iliyopata joto huwa nyepesi, inapenya kwenye vyuma vilivyolika, na mzunguko mdogo wa stata hautoi presha ya kufungua nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda. Gari la namna hiyo huwaka vizuri asubuhi, halafu linakugomea mchana ukiwa umesimama dakika chache tu. Ukiifunika pampu kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, ikapoa, na injini ikashika, hapo kweli pampu ina kesi ya kujibu. Gari lako linafanya kinyume kabisa.

Kesho asubuhi mtu mwingine akae kwenye usukani, wewe simama nyuma uangalie ekzosi. Apashe hita plagi, zile za kutia silinda joto kabla ya kuwasha, kama kawaida, kisha apige stata sekunde kumi hivi. Ukitoka moshi mweupe unaochoma macho, dizeli inafika kwenye silinda ila haishiki moto. Hapo tazama hita plagi, na zikiwa nzima, pima kompresheni, yaani mbano wa hewa kwenye silinda. Usipotoka moshi wowote, dizeli haifiki, na mara nyingi kilichoizuia ni hewa.

Hewa inawapoteza watu kwa sababu haiachi alama. Kutoka kwenye tanki hadi kwenye pampu, dizeli haisukumwi, inavutwa. Paipu yenye ufa upande huo inaweza isidondoshe hata tone, ila inafyonza hewa. Usiku gari likiwa limezimwa, dizeli inarudi taratibu tankini na hewa inachukua nafasi yake. Mchana hakuna muda wa kutosha wa hayo kutokea, ndiyo maana linashika mara moja. Kabla ya kugusa ufunguo, fungua boneti ubonyeze ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli. Ikiwa laini, ukabonyeza weee ndipo ikawa ngumu, kisha gari likawaka bila matata, umeshamshika mwizi. Usiku mwingine liegeshe mahali penye mteremko, pua ikitazama chini, ili tanki liwe juu kuliko injini. Likiamka vizuri, una ushahidi wa pili.

Sasa mtafute alipojificha. Pata kipande cha paipu angavu inayostahimili mafuta, ukifunge kati ya filta na pampu, uwashe. Viputo vya mwanzo ni vya kufungua na kufunga, vitapita. Vikiendelea kuja, hamishia kipande hicho upande wa kuingilia filta. Vikikosekana hapo, hewa inaingilia kwenye filta yenyewe: oringi (pete ya mpira) yake, oringi ya koki ya kumwagia maji chini, au mpira wa ile pampu ya mkono, ambao hukakamaa kwa uzee na watu huusahau kabisa. Vikiwepo, rudi nyuma kwenye paipu za mpira kuelekea tankini. Usimalize tatizo kwa kukaza klempu juu ya paipu iliyokauka, utaipasua zaidi. Badilisha. Kagua pia vipaipu vyembamba vya kurudishia dizeli juu ya nozeli.

Ikiwa moshi ulikuwa mweupe, toa kile kibati kinachounganisha hita plagi zote nne, upime moja moja. Nzima husoma kama omu moja au pungufu; iliyokatika haisomi kitu. Ukienda kununua, chukua ya zamani mkononi usome volti zilizoandikwa, maana injini za ukoo huu zimetoka na plagi za volti tofauti. Ya volti ndogo ukiilisha umeme wote wa betri inaungua, na ncha ikivimba haitoki tena kwenye hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, kwa hiari. Kwa sababu hiyohiyo siipendi ile swichi ya kubonyeza inayofungwa chini ya dashibodi ili mtu apashe plagi mpaka aridhike. Na ile dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa ili gari liwake, iache. Ikikutana na plagi za moto inalipuka kabla ya wakati wake, ikavunja ringi na pistoni.

Jambo la mwisho kwako, na si la mzaha: usitafute mvujo wa paipu za chuma za nozeli kwa kidole injini ikiunguruma. Pitisha kipande cha boksi gumu. Dizeli ya presha ile inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na mtu aliyetobolewa aende hospitali saa ileile hata kama tundu ni dogo kama la sindano na haliumi.

SWALI: Nimemwaga oili, nikaweka mpya ya dizeli na filta mpya. Siku ya pili nachomoa kijiti, oili nyeusi tii. Je, nimeuziwa oili feki?

JIBU: Si lazima. Injini ya dizeli inatengeneza masizi, na kazi mojawapo ya oili ni kuyabeba ili yasigande kwenye vyuma. Ingekaa na rangi yake ya asali kwa wiki nzima ndipo ningeshangaa. Acha rangi, tazama mambo mengine. Kipimo kikipanda badala ya kushuka, na kijiti kikinuka dizeli, kuna dizeli inayoingia ndani na oili yako haina tena nguvu ya kulinda beringi. Oili ikiwa nyeupe-nyeupe na nzito kama uji, ni maji, usiwashe tena.

SWALI: Fundi, pikapu yangu inachemsha nikipanda mlima na mzigo. Jirani ameniambia nitoe thamostati niitupe, yeye alishatupa yake na gari linatembea. Na wewe unasemaje?

JIBU: Mwambie jirani airudishe. Thamostati, ile valvu inayofunguka kwa joto la maji, ina kazi mbili: kuifanya injini ipate joto lake haraka na, kwenye injini nyingi, kuiziba ile njia ya mkato ambayo maji hupita bila kufika kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi. Sehemu ya maji inazunguka humohumo ndani ya injini ikiwa imebeba moto wake, na mlimani unachemsha vilevile. Kwenye tambarare injini inatembea baridi, inakula dizeli na silinda zinalika. Kama una wasiwasi nayo, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji yanayopata moto, isiguse kitako. Joto la kuanza kufunguka limegongwa juu yake, mara nyingi nyuzi 82 au 88. Maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka wazi. Wakati wa kuifunga, kile kitundu chenye kipini kikae juu ili hewa itoke.

Kuchemsha mlimani na mzigo, huku tambarare hakuna shida, kwangu kunaelekeza kwenye rejeta au feni. Tazama kati ya mapezi ya rejeta kwa tochi: yamejaa matope na wadudu? Yaoshe kwa maji yasiyo na presha kali, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu utoke ulikoingilia. Kisha, injini ikiwa imepata moto na IMEZIMWA, zungusha feni kwa mkono. Ile yenye klachi ya mafuta inatakiwa ikushindanie. Ikizunguka yenyewe kama pangaboi lililowekwa grisi, klachi yake imekufa, na feni haiwezi kuvuta hewa ya kutosha kwa mwendo wa mlimani.

Kuna kipimo kimoja cha kukuondolea usingizi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, washa ushike paipu ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, kinachoikaza si joto, ni gesi inayotoka kwenye silinda. Gasketi ya hedi imepasuka au hedi yenyewe ina ufa. Hapo usipande tena mlima wowote, na mzigo ushushe. Na mfuniko wa rejeta usifunguliwe ikiwa ya moto, najua unajua, lakini walioungua nao pia walijua.

SWALI: Nimenunua Hilux ya mkononi. Kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT, haiwaki. Aliyeniuzia anasema hiyo ndiyo dalili kwamba mkanda wa taiming ni mzima. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ingawa inawezekana naye aliambiwa hivyo. Taa hiyo haiuoni mkanda huo unaoendesha valvu. Inahesabu kilomita tu, kwa kawaida inawaka kila 100,000, na kuna njia ya kuirudisha kwenye sifuri bila mtu kuugusa mkanda. Balbu yake ikiungua haiwaki kabisa. Kwa hiyo geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa ikiwaka pamoja na zile nyingine, balbu ni nzima, basi, hujajua kitu kingine chochote.

Gari la mkononi lisilo na kumbukumbu ya kuaminika, mimi nabadilisha mkanda kwanza, pamoja na beringi ya kukazia, ndipo nianze kulipakia mzigo. Ukikatika injini ikiwa kwenye mwendo, pistoni zinazigonga valvu, na kazi iliyokuwa ya nusu siku inageuka kuwa ya kushusha hedi. Mikwaruzo, nyufa kwenye mgongo wa mkanda, au unyevu wa oili vinatosha kuuhukumu. Oili ikiwemo ndani ya kava, tafuta sili inayovuja kabla ya kufunga mkanda mpya, la sivyo nao utaloa.

Si kila pikapu ina ugonjwa huu. Isuzu nyingi za 4JA1 na Nissan ya TD27 zinatumia gia, hakuna mkanda wa taiming wa kukatika. Mitsubishi ya 4D56 ndiyo ya kuangaliwa kwa macho mawili, kwa sababu ina mikanda miwili, mkubwa na mdogo wa shafti za kutuliza mtikisiko. Ule mdogo ukikatika unaweza kuingia kwenye mkubwa ukaondoka nao. Badilisha yote pamoja.

SWALI: Gari langu halivuti. Nimeelekezwa skrubu nyuma ya pampu, nikiikaza inaongeza dizeli. Nizungushe kiasi gani?

JIBU: Usizungushe. Kiwanda kiliifunga na kuiwekea lakiri kwa sababu. Dizeli ikizidi hewa iliyopo, ziada inatoka moshi mweusi, na moto wa ekzosi unapanda hadi kupasua hedi. Anza na filta ya hewa, kisha filta ya dizeli, kisha angalia kama kanyagio la mafuta likifika chini mkono wa pampu nao unafika mwisho. Waya wa eksileta ukilegea unakuibia nguvu na wala huhisi chochote mguuni.

SWALI: Juzi nilichomoa ufunguo, injini ikaendelea kuunguruma. Nilishtuka sana. Ni nini hiki, fundi?

JIBU: Inategemea iliungurumaje. Kama ilibaki kwenye sailensa yake ya kawaida, yaani mwendo wa chini bila kukanyaga mafuta, tulivu, shida ni ile solenoidi (valvu ya umeme) ya kukata dizeli kwenye pampu. Kipini chake kimekwama wazi, aghalabu kwa uchafu. Siku ikikwama ikiwa imefunga, au waya wake ukichomoka, itakuwa kinyume: stata inazunguka vizuri na injini haiwaki kabisa. Geuza ufunguo mpaka taa ziwake, usipige stata, usikilize "tak" kwenye pampu. Usiposikia, anza na waya huo mmoja kabla hujaruhusu mtu atamke neno pampu. Kuizima kwa sasa, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu, uachie klachi.

Lakini kama ilipandisha mwendo yenyewe, ikazidi kulia bila wewe kukanyaga kitu, ilikuwa inaunguza oili yake yenyewe. Hapo ufunguo haukusaidii, wala kukata dizeli. Fanya ileile ya gia na breki mara moja. Ikishindikana, ziba mdomo wa kuingizia hewa kwa ubao bapa, kamwe si kwa kiganja wala kitambaa, vitavutwa. Na ikiwa imeshafika kwenye mlio wa kutisha, iache, ondoka karibu nayo, waondoe na watu. Ikishazima, usiiwashe tena kabla ya kuchomoa kijiti cha oili na, kama ina turbo, kufungua paipu yake ya hewa uone kama kuna oili ndani.