Khanga imepauka? Kabla ya kusema feki, fumua upindo

Dada, umeuliza kwa nini doti uliyonunua Mtaa wa Uhuru imepauka na kulegea kama dekio ndani ya miezi mitatu, wakati khanga za bibi yako bado zinang'aa. Wengi wamekujibu "feki hiyo". Huenda. Ila mimi nimeziua khanga nzuri kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo sikimbilii kumlaumu muuzaji.

Tuanze na kulegea. Khanga mpya ikisimama kama kadibodi, huo ni wanga, na unaondoka ukifua mara ya kwanza. Siku hizi dukani nashika pembe naifikicha: unga mweupe ukidondoka mwingi, najua nauziwa wanga. Kisha naiinua kwenye mwanga nione nyuzi zilivyobanana.

Kuchuja nako kulinipa adabu. Nikiwa bado bibi harusi niliiloweka khanga nyekundu usiku kucha pamoja na fulana nyeupe za mume wangu. Asubuhi zote za waridi! Nikazimwagia dawa ya klorini bila kupima, nikaziacha hadi mchana. Weupe ulirudi, lakini baada ya wiki chache zikaanza kutoboka moja moja, maana klorini inakula uzi wa pamba wenyewe. Sasa khanga mpya inafuliwa peke yake, maji baridi, haraka haraka, na nasuuza mpaka maji yatoke safi. Ile chumvi ya jikoni tunayoambiwa "inashika rangi" nimeijaribu mara mbili, sikuona tofauti.

Jambo ambalo hakuna aliyekutajia ni maji. Kwetu tunatumia kisima, maji ya chumvi. Povu halitoki, unaongeza sabuni, sabuni inagandia kwenye uzi. Nguo inakuwa ngumu na rangi inafifia kama imepigwa vumbi, kumbe rangi ipo, imefunikwa tu. Nilitia siki nyeupe nusu kikombe kwenye beseni la kusuuzia, kisha nikasuuza tena, na khanga niliyokuwa nimeishusha cheo iwe ya kupikia ikarudi kuwa ya kutokea. (Siki na klorini zisikutane kwenye beseni moja, zinatoa hewa ya sumu.) Masika ninakinga maji ya mvua kwa ajili ya kusuuzia tu.

Lakini muuaji mkuu ni jua. Nina khanga moja imepauka nusu. Nusu kabisa! Kila wiki nilikuwa naitundika kambani vilevile, upande mmoja ukitazama jua la saa saba, mwingine ukitazama ukuta. Sabuni ileile, maji yaleyale, mikono ileile. Wa ukutani rangi yake kama jana. Kwa hiyo geuza nje ndani, anika kivulini penye upepo, na ikikauka anua, usiiache kambani mpaka magharibi.

Kuhifadhi ni kidogo: ikauke kabisa kabla ya kukunjwa, la sivyo itaingia kawa, na vile vidoa vyeusi havitoki. Khanga za kuweka sandukuni mimi nazifua kwanza kutoa wanga, ingawa mama anasema naziharibia upya wake. Wanga ni chakula cha kawa na mende. Udi fukiza, ila weka chetezo mbali. Nina tundu la cheche kwenye mji, yaani sehemu ya kati, wa khanga yangu ya arusi, na kila nikiivaa naulizwa.

Sasa yako. Fumua upindo kama sentimita 2 hivi, uangalie rangi iliyojificha ndani ya mkunjo. Kama ndani bado imekolea, hilo ni jua, hamisha kamba. Kama ndani nako kumepauka vilevile, isuuze kwa siki kwanza; isiporudi, na hukuitia klorini, basi huenda rangi imetoka na maji, na hapo nitakubaliana na waliosema feki.