Utando wa unene wa molekuli moja: maswali kutoka Maseno, Dunga, Ahero na Nakuru

Shikamoo mwalimu. Katika jaribio la tone la mafuta, tunapodondosha tone dogo la asidi ya oleiki juu ya maji yaliyonyunyiziwa poda, kwa nini mafuta huacha kutandaa ilhali beseni bado lina nafasi? (Mwanafunzi, Maseno)

Marahaba, mwanangu. Molekuli ya asidi ya oleiki ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Kila molekuli hutaka kichwa chake kiguse maji, kwa hiyo tone husambaa na kusukuma poda pembeni hadi pasiwe na molekuli iliyokaa juu ya mwenzake. Zikishapata nafasi zote, hakuna cha kuendelea kutandaza. Ndiyo maana ukigawanya ujazo wa mafuta kwa eneo la duara unapata unene wa utando, ambao ni urefu wa molekuli moja, takriban nanomita 2, yaani sehemu mbili za milioni za milimita. Jibu lako likizidi sana hapo, chunguza beseni kwanza. Mafuta ya vidole au mabaki ya sabuni huziba nafasi kabla hujaanza.

Na umjue Agnes Pockels wa Ujerumani. Hakusoma chuo kikuu. Akiwa nyumbani kwao alitengeneza chombo cha maji chenye kipande cha kusogeza juu ya uso, akapima jinsi uchafu kidogo unavyobadilisha mvutano wa uso wa maji, yaani nguvu inayoufanya uso huo uwe kama ngozi iliyovutwa. Mwaka 1891 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alihakikisha barua ya Pockels inachapishwa katika jarida la sayansi la Nature. Wasichana wa maabara zetu wanastahili kulisikia jina hilo mapema.

Rangi za upinde wa mvua tunazoziona mafuta ya injini yakimwagika Dunga, ndizo utando huo? (Mvuvi)

Hapana, kaka. Rangi hutokea utando ukifikia unene wa mamia ya nanomita. Ule wa molekuli moja hauna rangi. Utautambua kwa viwimbi vidogo kutulia.

Nimelipa zaidi kwa lenzi zisizorudisha mwanga, lakini naona kijani tu. Nimeibiwa? (Mama wa Kisumu)

Hapana, mama. Lenzi hizo hupakwa utando mwembamba. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando na ule unaorudi kutoka chini yake hufutana, unene ukiwa robo ya urefu wa wimbi la mwanga. Kijani hicho ni mabaki machache yasiyofutika.

Aliyetuonyesha njia ni mwanasayansi Katharine Blodgett, aliyefanya kazi na mwanakemia Irving Langmuir katika kampuni ya General Electric, Marekani. Alikuwa akichovya kioo kwenye maji yaliyofunikwa na utando. Kikishuka na kupanda, tabaka jipya la molekuli linashika. Mwaka 1938 alitangaza kioo chenye tabaka 44 ambacho karibu hakirudishi mwanga. Tabaka hizo zilikuwa laini mno, zilitoka kwa kufutwa tu, kwa hiyo lenzi za leo hupakwa oksidi ngumu ndani ya chombo kisicho na hewa. Juu kabisa, lenzi nyingi huwekewa molekuli zenye florini ili maji na jasho visishike. Hiyo ndiyo sehemu unayoiharibu ukifuta vumbi kwa ncha ya leso kavu. Suuza kwanza kwa maji, kisha ufute.

Nasikia kuna utando unaoua mbu kwenye mpunga. Naweza kutumia oili chafu badala yake? (Mkulima, Ahero)

Tafadhali usimwage oili, ndugu yangu. Itaua samaki na vyura, na sumu yake itabaki kwenye udongo wako. Utando unaousikia ni wa silikoni, na ulijaribiwa hapo hapo Ahero. Matokeo yalichapishwa 2011, na mbu waliofanikiwa kutoka majini walipungua sana. Haufanyi kazi kwa sumu. Viluwiluwi vya mbu hujishikiza kwenye uso wa maji ili wapumue; mvutano wa uso ukishuka, hawana pa kujishikiza, wanazama. Adui wake ni upepo, unaousukuma upande mmoja wa jaruba, hivyo ni lazima kuurudia.

Muosha magari hapa Nakuru anasema kotingi ya seramiki, ile ya kukinga rangi ya gari, ni molekuli moja na haitoki maisha. (Dereva)

Si molekuli moja, na hutoka. Ni nene zaidi, mara nyingi ikiwa na silikoni na oksijeni zilizofungamana. Lakini hiyo si hoja kubwa kwangu. Muulize anaondoaje nta ya zamani kabla ya kupaka, kwa sababu akiiacha, kotingi itashika nta, nayo nta itabanduka pamoja na pesa zako.