Mnaoanza kazi ya seva, ulizeni kwanza nani anaitegemea

Wiki hii nimemwona kijana mgeni akiiwasha upya seva ya programu katikati ya saa za kazi kwa sababu ilikuwa nzito. Hakufungua logi (kumbukumbu za matukio ya mashine), hakutazama nani ameunganishwa, hakumwambia mtu. Kosa hilo hulirudia kila kundi la wageni linaloingia, na ndilo limenikalisha chini kuandika. Wadogo zangu, nawapenda na akili mnazo, lakini mikono yenu inatangulia macho.

Kinachowaponza ni kuiona seva kama mashine tu. Zamani mngeweza kupona na fikra hiyo. Seva ya mafaili ilihudumia watu wa jengo moja, na ikizimwa ulipita ofisi kwa ofisi ukiomba radhi. Kisha zikaja huduma za wavuti. Mwaka 2000 SOAP 1.1, utaratibu wa programu kutumiana ujumbe, ikachapishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, na kampuni zikaanza kuziachia programu za watu wengine ziite programu zao moja kwa moja kupitia HTTP, njia ileile inayoleta kurasa za wavuti. Tangu hapo anayekutegemea anaweza kuwa mfumo wa mteja unaotuma oda saa nane usiku, ambao hauwezi kukupigia simu kuuliza kulikoni.

1. Kabla ya kugusa, jua nani anaita. Endesha ss au netstat, amri zinazoonyesha miunganisho ya mashine, soma logi za mwezi mzima, maana kuna kazi zinazoamka tarehe ya mwisho tu. Andika huduma, poti (namba ya mlango inapopokelea miito), anayeita, na mtu wa kumjulisha.

2. Bakapu, yaani nakala ya usalama ya data, ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu za watu, alikuwa anahangaika na hifadhidata ya akiba iliyoachwa nyuma na ile kuu. Aliamua kufuta folda ya data kwenye ile ya akiba ili unakili uanze upya. Amri aliyoitoa ikaendeshwa kwenye seva kuu. Majina ya mashine hizo yalitofautiana kwa tarakimu moja tu, db1 na db2. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili na kuikatiza, lakini kati ya takriban gigabaiti 300 zilibaki 4.5.

Mkono kuteleza saa za uchovu kunaweza kumpata yeyote kati yetu. Kinachoniuma ni kilichofuata. Walikwenda kwenye bakapu za pg_dump, zana ya kunakili hifadhidata ya PostgreSQL, wakakuta zinakohifadhiwa ni patupu. Zana ilikuwa ya toleo la PostgreSQL 9.2 na hifadhidata ilikuwa toleo la 9.6, kwa hiyo kazi ilikuwa ikishindwa kila mara. Barua pepe za kuonya zilitumwa, ila seva ya barua ilizikataa kwa sababu hazikuwa na saini zinazotakiwa na DMARC, kanuni ya kuthibitisha mtumaji wa barua pepe. Picha za diski za Azure, huduma ya seva za kukodi ya Microsoft, hazikuwa zimewashwa kwa seva za hifadhidata. Kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyopigwa kwa LVM, mfumo wa Linux wa kusimamia diski, ambayo mhandisi huyohuyo aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya mazingira ya majaribio. Bila bahati hiyo hasara ingekuwa kubwa zaidi. Hata hivyo zilipotea data za saa hizo sita, na kuinyanyua huduma kulichukua saa nyingi kwa sababu diski za kunakilia zilikuwa polepole.

Nawaheshimu kwa jambo moja. Waliyasema yote hadharani, wakaonyesha urejeshaji moja kwa moja, na hawakumtupa yule mhandisi. Someni taarifa yao ya tukio neno kwa neno. Halafu kila mwezi rejesheni bakapu kwenye mashine tupu, mpime saa zinazotumika, mfungue jedwali muone rekodi ya jana imo. Na ile alama ya mstari wa amri, ipeni rangi nyekundu kwenye seva kuu.

3. Viraka, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya programu. Mnyoo wa Slammer, programu hasidi inayojisambaza yenyewe, ulilipuka tarehe 25 Januari 2003 kupitia poti 1434 ya UDP (njia ya kutuma data bila kusubiri jibu), baiti 376 tu, na ndani ya dakika kumi ulikuwa umeshika sehemu kubwa ya mashine zilizokuwa wazi. Kiraka cha Microsoft kilikuwapo tangu Julai 2002. Wengi walioumia hawakujua hata kama wana SQL Server, hifadhidata ya Microsoft iliyoshambuliwa, kwa sababu injini yake ilikuja imefichwa ndani ya programu nyingine. Rudini kwenye namba moja.

4. Usijifungie nje. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilitoweka kwa takriban saa sita. Amri ya matengenezo iliukata mtandao wake wa uti wa mgongo, seva za DNS, zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, zikaondoa njia zao za BGP, yaani matangazo yanayouonyesha mtandao wa dunia pa kuzifikia, na zana za ndani ambazo wahandisi wangezitumia kurekebisha zikafa pamoja nazo. Nanyi mnabadilisha kanuni za faiawoli, ukuta unaochuja miunganisho, kwa SSH (njia ya kuendesha mashine kutoka mbali) inayopita kwenye faiawoli hiyohiyo! Kwenye vifaa vya mtandao vya Juniper tumia commit confirmed, kwenye vya Cisco tanguliza reload in 10, ili ukijifungia nje kifaa kirudi chenyewe kwenye hali ya zamani, na uwe na njia ya pili isiyopita kwenye mtandao huo.

5. Mengine kwa haraka. Punguza TTL ya DNS, muda ambao wengine hukumbuka anwani yako ya zamani, siku moja kabla ya kuhamisha huduma. Saa zote za mashine zifuate NTP, huduma ya kulinganisha saa, la sivyo logi hazitalingana. Ondoa neno public, nywila ya kuanzia inayojulikana na wote, kwenye SNMP, njia ya kufuatilia vifaa vya mtandao. RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa kazi iendelee, si bakapu.

Na vyeti vya TLS, vinavyothibitisha tovuti na kulinda mawasiliano yake: muda wa juu wa vyeti vya umma unashushwa hatua kwa hatua hadi siku 47 kufikia Machi 2029, kwa hiyo anayekumbuka kwa kichwa hatafika mbali. Wekeni usasishaji unaojiendesha, pamoja na tahadhari ya kuwaambia umeshindwa. Kisha uharibuni makusudi kwenye seva ya majaribio, mkae mwone kama ujumbe unafika.